Kinywaji cha Gesi cha Kumpa Mukhwasi

Kakamega, Jumamosi, Agosti 1996. Ukungu asubuhi, jua adhuhuri, mvua saa tisa kama kawaida yake.

Kosa ambalo wengi hufanya wanapochagua kinywaji cha gesi ni kudhani kwamba kikiwa kichungu hakina sukari. Nimelifanya mimi mwenyewe wiki hii, mimi niliyefundisha kemia hadi nywele zikaisha kichwani. Zilibaki siku mbili tu nimdhuru mtu kwa kosa hilo, tena nikiwa natabasamu.

Lakini leo nina furaha kiasi kwamba nimeshindwa kulala usingizi wangu wa alasiri. Acha niandike kwa utaratibu.

Mukhwasi wangu alikuwa hapa. Kwetu mukhwasi ni mzazi wa mtu aliyemwoa au aliyeolewa na mtoto wako. Binti yangu Muhonja ameolewa na kijana wa Mzee Shabani, huko Mumias. Ndugu yako unaweza kumkaripia na mkala pamoja jioni hiyo hiyo. Mukhwasi hata kikombe humwekei mezani kwa mkono wa kushoto.

Mzee Shabani ni mkulima wa miwa, Mwislamu wa swala tano, mtu wa maneno machache na macho ya kucheka. Wakati wa Pasaka walikuja yeye na mkewe kututembelea. Tulinunua kreti nzima ya soda ya machungwa. Nilimfungulia ya kwanza mbele ya macho yake, kama desturi inavyotaka, ajue hakuna mkono uliotangulia kuigusa. Akanywa. Nikafungua ya pili. Akanywa. Ya tatu aliinywa polepole, akifuta jasho, nami nikajisifu moyoni kwamba nimemkirimu.

Baada ya siku kumi alilazwa katika hospitali ya misheni. Sukari ilikuwa imepanda.

Nilikwenda kumwona, naye hakusema lolote kuhusu siku ile. Ni Muhonja aliyeniambia, mwezi wa Juni, tukiwa tunamenya viazi. "Baba, mzee alijua tangu mwaka jana ana sukari. Mama mkwe alimkataza asinywe, naye akasema kwa mukhwasi mtu hakatai chupa ikishafunguliwa."

Alikunywa kwa ajili ya heshima yangu.

Tangu Juni sijaweza kuitazama soda ya machungwa. Kwa hiyo Jumanne, habari ilipofika kwamba Jumamosi watakuja kutushukuru kwa kumwona hospitalini, nilianza kufikiria nitamfungulia nini. Nilijua yule mzee atakunywa chochote nitakachofungua. Uamuzi wote ulikuwa mkononi mwangu. Na maji matupu sikuweza kumpa. Mukhwasi akipewa maji matupu anaelewa kwamba hakutarajiwa, au kwamba anaombwa aondoke mapema. Nilihitaji chupa yenye kifuniko, yenye mlio inapofunguliwa, yenye povu, na isiyo na sukari.

Ndipo nikakumbuka toniki, kile kinywaji cha gesi ambacho watu huchanganya na pombe. Niliionja mara moja kwenye sherehe ya walimu, ikanikunja uso kama dawa ya malaria. Nikajiambia: kitu kichungu hivi, sukari itapitia wapi?

Jumatano nilishuka mjini, kwa mama mwenye duka la jumla karibu na soko. Ananijua kwa miaka mingi kama mnunuzi wa majani ya chai na mafuta ya taa. Nilipomwomba chupa kumi na mbili za toniki, aliegemea kaunta.

"Mwalimu, hii hukunywangwa na watu wa klabu. Pombe yenyewe umeficha wapi?"

"Hakuna pombe. Ni ya mgeni."

"Mgeni gani anakunywa mchanganyiko bila kitu ya kuchanganya? Sema tu umestaafu, hatutaambia kanisa."

Wateja wawili walicheka, nami nikacheka pia. Aliniongezea kreti nzima ya sodawota, yale maji yenye gesi tu, akisema watu wa klabu hununua zote mbili na nisipochukua nitarudi. Namshukuru sana. Bila ule utani ningerudi nyumbani na toniki peke yake.

Alhamisi niliweka chupa kwenye meza ya veranda, nikaonja, nikaandika. Nitaeleza nilichojifunza, maana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sodawota ni maji yaliyosukumiwa gesi ya kaboni dioksidi, pamoja na chembe za chumvi. Basi. Ukiinywa unahisi mchomo mdogo ulimini, kisha usafi. Toniki ina gesi hiyo hiyo, lakini pia ina kwinini, ile dawa ya zamani ya malaria, ndiyo inayoleta uchungu, na ukali kama wa ndimu. Jirani yangu huamini kwamba toniki huponya malaria. Haiponyi. Kwinini iliyomo ni kidogo, ya kukunja uso tu. Mwenye homa aende hospitali.

Nilikuwa nikijipongeza kwa maandishi haya wakati mke wangu Rispa alipokuja kupangusa meza. Alipangusa upande mmoja, akapangusa wa pili, akasimama.

"Baba Muhonja, hapa umemwaga nini?"

"Toniki."

"Mbona kitambaa kinanata kama nimepangusa asali?"

Nilikigusa kile kitambaa. Nikagusa mahali nilipomwaga sodawota. Pale palikuwa pakavu, laini, kama ubao uliopigwa na mvua ukakauka. Pa toniki palivuta kidole changu.

 Niliingia jikoni, nikamimina toniki nusu kikombe kwenye sufuria ndogo, nikaiweka motoni. Ilichemka, ikapungua, ikawa nzito, ikageuka kahawia, na jiko lote likanuka sukari iliyoungua, ile harufu anayoijua kila mtoto aliyewahi kukaanga sukari mama yake akiwa sokoni. Nilifanya hivyo hivyo na sodawota. Ilikauka, ikaacha ukungu mweupe chini ya sufuria, ambao ningeweza kuufuta kwa ukucha.

Sukari ilikuwamo muda wote. Kwinini haiondoi sukari, inaificha ulimi usiione. Na huenda huongezwa kwa wingi kwa sababu hiyo hiyo, ili uchungu umezeke.

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni. Niliona chupa kumi na mbili, Mzee Shabani akizinywa moja baada ya nyingine, nami nikimweleza kwa fahari kwamba nimemchagulia kisicho na madhara.  Rispa alizima moto, akaniambia, "Si umejua leo? Jumamosi bado." Huyo ndiye mke wangu. Kitambaa chake kilinifundisha kemia.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuchagua kwa kweli, na nikiri kwamba niliifurahia kama mwanafunzi aliyepewa ufunguo wa maabara. Toniki niliiweka kando kwa ajili yetu wawili. Rispa anaipenda, hasa ikiwa na kipande cha ndimu na maganda yake, kwa kuwa mafuta ya ganda hupatana na uchungu wa kwinini. Lakini ni ya mwenye afya, na ni ya glasi moja.

Nikarudi kwenye sodawota. Zilikuwa za watengenezaji wawili. Moja ilikuwa na chumvi inayosikika, nzuri kunywa peke yake baada ya kazi ya shamba, lakini ukiongeza kitu ladha zinagombana, na mwenye presha haimfai. Nyingine ilikuwa tulivu, yenye viputo vidogo vinavyopanda kwa mstari kutoka chini bila haraka. Viputo vikubwa vinavyoruka vyote mara moja ni dalili kwamba chupa ilikaa juani au gesi imechoka. Angalia pia kifuniko. Kikiwa na kutu pembeni, usinunue. Nilichagua ile tulivu.

Halafu kulikuwa na swali la ubaridi. Wazee wa huku hupenda soda ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji, wakisema ya baridi huleta kifua. Lakini gesi hupenda maji baridi. Yakiwa vuguvugu hukimbia, na kinachobaki ni maji yaliyokasirika. Sisi hatuna friji. Nilifunga chupa ndani ya gunia la katani lililolowa maji, nikalining'iniza upande wa nyumba unaopigwa na upepo. Maji yanapokauka kwenye gunia huchukua joto la chupa. Baada ya saa tatu zilikuwa baridi kama maji ya chemchemi asubuhi, si ya kuumiza meno.

Nilijaribu kuchanganya na tangawizi. Ilikuwa kali mno. Karakara, lile tunda la pasheni, ilikuwa tamu, nayo ni sukari ileile kwa njia nyingine. Mwishowe nikapata: ndimu nusu, majani manne ya nanaa yaliyopigwa kofi mara moja kati ya viganja, kisha sodawota ikimiminwa taratibu ubavuni mwa glasi. Usikoroge kwa kijiko, utafukuza gesi uliyoilipia. Nilikunywa glasi tatu nikiwa nimesimama.

Leo asubuhi nilitengeneza jagi zima jikoni. Rispa alinitazama nikikamua ndimu, akasubiri nimalize.

"Sasa mukhwasi atakunywa kitu ya jagi ambayo hakuona ikifunguliwa?"

Nilikuwa nimesahau. Shahada yangu yote, na nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata mtoto wa hapa anakijua. Lile jagi tulilinywa sisi wawili kabla ya saa tano.

Walipofika, "Salaam aleikum," "Aleikum salaam," na habari za safari zikaisha, nilipeleka vitu vyote sebuleni: chupa zikiwa bado na unyevunyevu wa gunia, ndimu, nanaa, kisu, opena. Nilikuwa nimeamua kwamba wote tutakunywa kitu kimoja. Soda tamu haikuwapo mezani hata moja, ili asionekane yeye ndiye mgonjwa.

Mzee Shabani aliinua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwalimu, hii ni maji."

Rispa aliacha kupanga vikombe. Mke wa Mzee Shabani aliangalia sakafu. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko Alhamisi, kwa sababu sukari ina dawa zake, lakini mukhwasi akiondoka na uchungu hakuna sindano.

"Ni maji yenye kazi, mukhwasi. Ngoja uone."

"Na si hii ndiyo wanaweka ndani ya pombe?"

"Pombe ndiyo inawekwa ndani yake. Hii yenyewe haina kosa. Ona kifuniko, fungua wewe mwenyewe."

Alifungua. Mlio ulikuwa mkali, na mkewe akashtuka kidogo. Nilikata ndimu mbele yake, nikapiga nanaa, nikamimina. Nikamweleza kila hatua kama ninavyoeleza hapa, na ninadhani nilieleza kupita kiasi, maana alisema, "Basi nipe, kabla haijakuwa mtihani."

Nilikunywa mimi kwanza. Kisha yeye.  Akanywa tena, kidogo, akiwa amefumba macho. Kisha gesi ikapanda, akabeua kwa sauti iliyojaza sebule, akaweka mkono mdomoni, na mkewe akacheka hadi akajifunika kwa leso.

"Miaka yote nalima miwa," alisema, "sasa sukari imenifuata mpaka kwa damu. Hii yako haina hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niliichemsha."

"Uliichemsha?"

Nikamweleza habari ya sufuria, na kitambaa cha Rispa, na zile toniki kumi na mbili. Nikamweleza pia kwamba najua kuhusu Pasaka. Hilo sikulipanga. Lilitoka.

Alizungusha glasi yake. Akasema kila nyumba anayokwenda anafunguliwa soda, naye anakunywa huku akihesabu ni siku ngapi zitampeleka hospitali, kwa sababu hajui namna ya kukataa bila kumwaibisha mwenye nyumba. Mkewe akaongeza, "Na hakuna mtu anaulizanga." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja hali ya hewa.

Nami sikuuliza. Nilijua atomi za kaboni, nilijua aina za chumvi, na wakati wa Pasaka sikumuuliza mtu niliyempenda swali moja.

Mzee Shabani alikunywa chupa tatu leo. Ya tatu aliitengeneza mwenyewe, akaipiga nanaa kofi kali kuliko langu. Wameondoka kabla ya mvua na chupa mbili zilizosalia. Chupa ni za kurudisha dukani, kwa hiyo atalazimika kuja tena, na hilo pia nimelifurahia.

Wewe unayesoma, kama unatarajia mgeni leo, mvute kando kabla hujafungua chupa, umuulize anaruhusiwa kunywa nini.