Ng'ombe za Kilonzo

Kitui, Alhamisi, 1971

Kama alikuwa ameshaamua, alituuliza ya nini?

Siku nne sisi wazee watatu wa baraza la mahakama tumekaa kando ya jaji tukisikiza kesi ya Mutisya wa Nuu, aliyemuua kijana wa Kilonzo kwa panga wakigombania maji ya mifugo. Leo tukaulizwa maoni. Sote tulisema aliua kwa hasira, hakupanga. Jaji aliandika yote, akatushukuru vizuri, halafu akasema sheria haimlazimishi kutufuata. Mutisya atanyongwa.

Labda jaji yuko sawa. Panga lilishuka mara tatu, hilo sijalisahau.

Lakini huko nje Kilonzo mwenyewe, baba ya marehemu, alinishika mkono. Watu wa Mutisya walishamlipa ng'ombe za damu, fidia ya kifo, mbele ya wazee wa kijiji, na nyumbani maneno yakaisha.

"Mzee, nilikubali ng'ombe zao juu ya mtoto wangu," akasema. "Sasa Serikali ikimnyonga mtoto wao, si nitakuwa nimelipwa mara mbili? Nizirudishe? Na mmoja ameshazaa."

Nilimwambia nitauliza.

Nitamuuliza nani?