Aliyeshika Usukani

Richfield, Minnesota
Jumapili, mwezi wa pili

Kwako Dada Saada,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai goti lako limepoa, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia hukuigawa yote kwa majirani, maana nakujua. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Baridi ni ya kugandisha kope, lakini tumeizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkali. Bado nasukuma wazee kwa viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege, na mgongo wangu unalalamika kuliko wao. Barua hii anakuletea Kendi, mwenzangu kazini, anayesafiri Jumanne. Ningepiga simu, ila najijua, ningeikata katikati.

Nimefurahi kusikia mke wa mwanao atajifungua mwezi ujao. Umeniambia mkipata wa kiume mtachagua baina ya majina mawili, wala hukulitaja la marehemu kakako Uthman. Sikushangaa. Mwaka wa ishirini na mbili huu, hakuna mtoto wa ukoo wenu aliyepewa jina hilo.

Sasa nikupe habari za Raisa. Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasoma historia. Mimi nilitaka uuguzi kama watoto wa wenzetu, lakini nani anisikilize? Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu Kizungu. Mwalimu wake amempa nakala za kesi ya kale, ya karibu miaka mia nne: meli ya wafanyabiashara wa Kiingereza ilibeba divai, ikapasuka mwambani, na mabaharia watano waliookoka wakaitwa mahakamani wakaapa. Karani aliandika maneno ya kila mmoja. Raisa akaniita mezani nimfafanulie mambo ya meli, maana mimi babake nilikuwa baharia.

Kwanza nilijiona bingwa. Nikamweleza pampu, nanga, zamu za usukani, na kwa nini mtu hakati njia karibu na mwamba hata bahari ikiwa shwari. Halafu akanisomea ushahidi wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Wote watano walisema mkosa ni mshika usukani, na mshika usukani ndiye aliyekufa maji. Maneno yalikuwa yale yale, kwa mpango ule ule. Na mmoja wao alikuwa chini kwenye pampu, mwingine jikoni anapika. Raisa akauliza wangewezaje wote kuuona mkono wa mtu mmoja. Nikasema labda karani alikuwa mvivu. Akakataa, akasema hawa walikubaliana kabla ya kufika nchi kavu.

Dada yangu, chai ilinipalia.

Unaikumbuka ile meli yetu ya kubeba saruji, ilipopanda mwamba tukirudi kutoka Pemba. Unakumbuka tulivyoingia mahakamani Mombasa, watu wanne, tukashika Msahafu, tukasema Uthman aligeuza usukani kabla ya kulipita boya la mwamba. Wewe ulikaa mbele. Nilipotoka ulinipa maji, ukanishukuru kwa kusema kweli japo chungu. Mama yenu tangu siku ile hakwenda tena harusini kwa mtu, mpaka Mungu alipomchukua.

Uthman hakuwa kwenye usukani. Nilikuwa mimi.

Zamu ilikuwa yake. Nikamwomba anipe, kwa sababu kesho yake ilikuwa akika ya Raisa, sherehe ya siku yake ya saba, na Uthman hakuwa mtu wa njia za mkato. Nikamwambia aende akanywe chai. Nikakata kabla ya boya ili tuwahi. Meli ilipopasuka alishuka kumtoa fundi wa injini, akamsukuma juu, yeye asitoke. Fundi huyo naye aliapa pamoja nasi. Ndani ya mashua ya kujiokolea nahodha alitupangia maneno, akatukaririsha mpaka yakatukaa. Alisema, “Maiti haulizwi sanda. Nyinyi mna watoto.” Nami nilikuwa na mtoto wa siku sita.

Raisa nimemwambia yote. Hakunifokea, na wallahi ni afadhali angenifokea. Aliniuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hajalifanya tangu udogoni: “Baba, watu wake wanajua?”

Ndiyo sababu nakuandikia. Nahodha ameshakufa, na huyo fundi na yule mwenzetu wa nne sijui waliko. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, nimeeleza kila kitu na kutia sahihi mbele ya wakili. Naomba isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya wale wale waliotusikia. Tiketi nimekata. Mwezi wa nne nitakuja nisimame mwenyewe, hata mahakamani mkitaka. Msamaha sikuombi kwa barua, naona aibu. Ninaloomba ni moja: akija mtoto wa kiume, msiliogope jina la Uthman. Halikuwa na doa hata siku moja.

Wasalimie watoto na majirani, wale ambao wakishaisikia karatasi hiyo bado watazipokea salamu zangu. Raisa anakubusu mkono.

Ndimi,
Alwi, niliyeshika usukani.