Herufi Mbili Nilizoziruka

Alhamisi, tarehe tano

Kaka yangu, shikamoo.

Nimekukosea. Nimeanza na hilo kabla ya kukujulia hali kwa sababu nikianza na hali nitaendelea na hali mpaka karatasi iishe, unanijua. Sasa nakuuliza: u mzima? Mgongo umepungua kukusumbua? Sisi huku wazima. Mama watoto anakusalimu sana, na watoto wako wanakuamkia. Yule wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, akiongea anapiga mluzi bila kupenda.

Shemeji, shikamoo na wewe. Najua barua hii unaisoma wewe, umekaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na dirisha ili upate mwanga. Ninakuomba kitu kimoja tu: usiruke. Ukifika mahali ukaona huyu shemeji yangu ni mpumbavu kumbe, soma. Ukikasirika, kasirika huku unasoma. Mbele utaelewa kwa nini nasisitiza.

Ningeweza kupiga simu, kaka. Lakini kwenye simu mimi ni mtu wa kukwepa, ukiniuliza tu mvua huko zinaendeleaje, nimeshapata mlango wa kutokea. Ningeweza pia kurekodi kama ninavyokurekodia vitabu kila Jumapili. Ila sauti yangu ndiyo iliyofanya kosa, nikaona siwezi kuituma tena ikajitetee yenyewe.

Juzi Jumanne shemeji alinipigia nikiwa kazini. Alikuwa anaongea chinichini, nadhani alikuwa uani. Akaniambia kile chuo cha wasioona kimekupa nafasi, miezi sita ya kujifunza kutembea na fimbo nyeupe na kusoma nukta nundu kwa vidole, na wewe umekataa. Akasema mwalimu wa pale ni muungwana, ameahidi kukutunzia nafasi mpaka Ijumaa tarehe ishirini, baada ya hapo atampa mwingine, na nafasi nyingine haijulikani itapatikana lini. Nikamuuliza sababu ya kukataa. Akasema sababu ni yule dereva wa treni. Kwamba kila akikugusia chuo unamjibu kuwa dereva wa treni alikaa miaka saba kwa subira, macho yakarudi, na wewe una miaka mitatu tu, haraka ya nini? Alipokukumbusha maneno ya daktari kwamba tiba hakuna, ukamwambia daktari anabahatisha macho ya watu, lakini dereva anaeleza yake mwenyewe. Basi shemeji akasema siku akimkamata huyo dereva wa treni, yeye na kitabu chake, watajuana. Ameniharibia mume, alisema, amemgandisha kwenye kochi kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Nilicheka, kaka. Nilicheka kwa woga, halafu nikasema nina kazi, nikakata simu. Shemeji, huyo dereva hana kosa lolote. Mwache.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Ulipofika mahali pa kushindwa kusoma kabisa, uliniambia hutaki redio ikupigie kelele kutwa, unataka vitabu. Nikakuuliza unapenda hadithi za namna gani. Ukanicheka. Ukasema hadithi unazo zako za kutosha, nikutafutie vitabu vya mambo ya kweli, vya watu waliofanya kazi fulani wakaeleza walivyoifanya, walipopatia na walipokosea. Mtu aliyefungiwa ndani, ulisema, anataka kujua dunia inaendaje. Mimi wakati huo kitabu cha mwisho kukimaliza kilikuwa cha shule, na hicho nacho nilikimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikawa narekodi kule kazini, Jumapili mchana, mashine za kufulia zikipumzishwa. Hoteli yetu ina chumba cha mashuka, rafu mpaka darini, na mle ndani sauti haigongi ukuta, inamezwa na vitambaa, inatoka safi. Wenzangu wa kupiga pasi walidhani nimeokoka najifungia kuomba. Walipogundua naisomea simu kitabu cha siafu, wakaanza kuniita Profesa wa Mashuka. Bado wananiita hivyo, hata msimamizi.

Sikukwambia, lakini vile vitabu vilinishika. Kile cha zege, nilichokichukua kwa uvivu kwa sababu kilikuwa chembamba, kilinifundisha kwamba zege halikauki, linakomaa, na ukilinyima maji siku za mwanzo linapasuka baadaye wakati fundi ameshaondoka. Siku ile nilirudi nyumbani nikamwangalia binti yangu mkubwa ninayemgombeza kila asubuhi, nikanyamaza. Kile cha muuguzi mstaafu kilinifundisha kumshika mgonjwa mkono kabla ya kumuuliza chochote, na nilipokuja kukuona mwaka jana nilikushika mkono kwanza, sijui kama uliona tofauti. Na yule mhandisi aliyeandika kuhusu jengo lililoanguka! Ukurasa wa kwanza kabisa anasema kosa lilikuwa langu, halafu anaonyesha lilikuwa nguzo gani, ghorofa gani, hesabu ipi. Nilimheshimu mtu yule kuliko watu wengi ninaowasalimia kwa heshima. Barua hii naiandika nikimuiga yeye.

Sasa nguzo yangu ni hii. Nilianza kuruka tangu kitabu cha pili. Kwenye kile cha zege kulikuwa na majedwali ya vipimo, kokoto kiasi hiki, mchanga kiasi hiki, nikajiambia kaka hatajenga, nikaruka. Hukugundua. Kwenye siafu nikaruka sura nzima ya malkia wao kwa sababu siku ile zamu ilikuwa ngumu na miguu ilinivimba. Ukanipigia kunishukuru, ukasema nasoma kama mtangazaji. Nikaona kumbe kuruka hakuumizi mtu. Nikafika mahali mwandishi akiwa mrefu wa maneno namfupisha, akiwa na neno nisilolijua naweka langu. Hiyo peke yake ni aibu. Mtu ametumia miaka yake kuishi jambo, ametumia mingine kuliandika, mimi Profesa wa Mashuka namkatia katikati nikawahi chai.

Halafu ukaniomba kitabu cha dereva wa treni. Ulikisikia kliniki ya macho, mgonjwa mwenzako alikisimulia kwamba ni dereva aliyepofuka kazini akaandika maisha yake baada ya hapo. Nilikitafuta miezi miwili. Mama wa vitabu vya mitumba ndiye aliyenitolea chini ya meza, jalada limeng'oka, akaniambia mchukue huyu mzee, amekaa hapa mpaka namsikia akikohoa. Kile sikuruka, kaka. Sura kumi na sita, sikuruka hata mstari, kwa sababu kilikuwa kinakuhusu. Ulikuwa unanipigia kila Jumatatu kukizungumza. Ulicheka alipoeleza alivyomwagia chai mgeni akidhani anamimina kikombeni. Ulikirudia mara mbili kile kipande cha kochi lake, miaka saba kwenye kochi moja akisubiri, mpaka kochi likachukua umbo lake. Ukaniambia yule anakujua.

Jumapili ya sura ya kumi na saba niliwasha simu bila kuipitia kwanza. Sentensi ya kwanza inasema hivi, na sasa naiandika kama ilivyo: "Mwaka wa saba daktari aliniambia wazi kwamba macho yangu hayatarudi."

Shemeji, lirudie hilo neno la mwisho. Taratibu. Linaanza na ha.

Mimi siku ile nililiona. Nililiona kabla sijalifikia, kama unavyoona shimo barabarani na mguu umeshanyanyuka. Nikakuona wewe kwenye kochi lako na simu sikioni. Nikajiona mimi ndiye ninayekwambia, kwa mdomo wangu, mimi mdogo wako uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Mdomo ukakataa. Nikasoma "macho yangu yatarudi." Niliruka herufi mbili tu, H na A. Sikupanga, naapa.

Lakini ningeweza kusimamisha. Kuna kitufe cha kufuta, nakijua kilipo. Badala yake niliendelea, na kila kilichofuata kilikuwa hakikai, kwa sababu mtu ambaye macho yake yatarudi hana sababu ya kwenda kujifunza fimbo. Ikabidi nimtungie. Nikatunga hospitali, nikatunga bandeji, nikatunga asubuhi bandeji inafunguliwa na kitu cha kwanza anachokiona ni sahani ya matunda. Herufi mbili zilinigharimu dakika kumi na nne za uongo. Ulinipigia Jumatatu ukilia, ukaniuliza matunda yalikuwa gani. Nikakujibu mapapai. Kaka, hata mapapai ni yangu.

Kwa hiyo aliyemfungua macho dereva wa treni ni mimi, na dereva mwenyewe hana habari. Na hiki ndicho kinachoniuma kuliko yote: wewe mafundi umeme wenzako walikuita Testa kwa sababu hukushika waya bila kuupima, hata ukiapiwa kwamba umeme umezimwa. Daktari ulimpima. Shemeji ulimpima. Mimi ulinishika mikono mitupu.

Nikueleze kilichomo kwenye sura ile. Dereva alipoambiwa hayatarudi alirusha kikombe ukutani. Ameandika kwamba macho hakuyakasirikia, aliwakasirikia waliojua siku nyingi wakanyamaza kwa kumhurumia, na anawataja mmoja mmoja, akianza na nduguye wa tumbo moja. Mwezi uliofuata akaenda kujifunza fimbo, ana miaka hamsini na nane, sita zaidi yako. Siku ya kwanza alitumbukia mtaroni mpaka kiunoni, na mwalimu wake, naye haoni, akamtumbukia juu. Wakakaa humo wakicheka mpaka watu wakadhani wamelewa. Sura tatu za mwisho ni za safari zake. Anapanda treni kama abiria, anajua kwa mtikisiko tu wamefika daraja gani, na anamsema dereva wa sasa kwamba anafunga breki kama anayemkanyaga nyoka. Sura hizo hujazisikia. Nilikwambia kitabu kimeishia pale kwenye matunda.

Nimejifunza jambo moja, na nimejifunza vibaya. Hadithi ukiiharibu umeharibu hadithi, watu watapiga miayo. Kitabu cha mambo ya kweli ukikiharibu kuna mtu ataamka asubuhi akaishi kile ulichokiharibu. Wewe unakiishi. Unakaa kwenye kochi kwa ajili ya sahani ya mapapai niliyoitunga chumba cha mashuka, na nafasi yako inahesabiwa siku.

Sikuombi unisamehe kwenye barua, si haki kumfanya shemeji asome msamaha na kuujibu kwa niaba yako. Ukitaka kunitukana, nitukane ana kwa ana. Hasira yako ni ya haki kabisa. Ila usimkasirikie dereva, na usikasirikie chuo kwa ajili yangu. Nakuomba hilo tu: chuo kisiingie kwenye ugomvi wetu.

Msalimie jirani yako fundi cherehani, na yule mjomba wa dukani mwambie sijasahau kumtafutia miwani. Shemeji, asante kwa kusoma mpaka hapa, kama umesoma. Najua umesoma.

Msimamizi amenipa likizo ya wiki mbili. Jumamosi tarehe kumi na nne nitapanda basi la kwanza, saa kumi jioni nitakuwa kwako. Nitakuja na kitabu. Nitakaa mbele yako nisome sura ya kumi na saba tangu ile sentensi mpaka nukta ya mwisho, na shemeji atakaa pembeni yangu akifuata kila mstari kwa kidole, nikiruka anipige. Jumapili nitamaliza zile tatu zilizobaki. Jumatatu tarehe kumi na sita, ukikubali, nitakushika mkono twende chuoni ukamwambie mwalimu mwenyewe kwamba unakuja. Usipokubali, nitakwenda peke yangu kumweleza kwa nini mwanafunzi wake amechelewa, kosa ni la nani, na nitamwomba akusubiri mpaka hiyo Ijumaa.

Na kama Jumamosi utanifungia mlango, usihangaike kuufungua. Nitasimama nje chini ya dirisha lako nisome kwa sauti kurasa zote kumi na moja za sura ile, majirani na wasikie.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekusomea vibaya.