Chupa Niliyoiosha

Mayu wangu, mama yangu,

Kabula amemkaribisha mgeni sasa hivi. Mgeni ni mwanasesere wake wa matambara, kamkalisha juu ya tofali. Kachukua kikombe cha plastiki, kakisuuza, kamwaga, kachungulia ndani kwa jicho moja, kakisuuza tena, ndipo akachota maji kwenye ndoo. Mgeni hakunywa, basi kayanywa yeye yote, akajifuta mdomo kwa gauni. Nilitaka kucheka. Nikabaki natazama koo lake likimeza.

Hukumwona huyu binti yangu. Alizaliwa mvua zilizofuata baada ya sisi kukuzika, tukampa jina lako. Namwita mayu, kama nilivyokuita wewe, na akikasirika anakunja uso kama wewe.

Unakumbuka yule mchuuzi wa ng'ombe aliyepita kwetu kiangazi? Mto ulikuwa umekauka, tulikuwa tunafukua mchanga mpaka mabegani ili tupate ndoo moja. Nikamchotea maji kwenye kata. Ukaninyang'anya mbele yake, ukayamwaga, ukaisugua kata kwa mchanga, ukachota upya. Nililia kwa uchungu wa yale maji. Usiku ukaniambia, "Wewe Minza, unataka akatuseme mpaka Tinde?" Tangu hapo sijawahi kutia maji kwenye chombo ambacho sijakiosha. Watu wa hapa wananisifu kwa hilo. Nadhani ndiyo maana walinichagua kukaa kwenye bomba la kijiji.

Siku hizi hatufukui mchanga. Maji yanatoka lamboni, kwenye bwawa letu, yanachujwa kwenye mchanga, yanatiwa dawa, yanapanda kwenye tangi, halafu yanashuka hapa kwangu. Ungeyaona yalivyo meupe ungekaa chini. Lakini meupe siyo salama, ndivyo anavyosema mpimaji, binti mmoja mpole anayekuja na pikipiki kuangalia kama mitambo inafanya kazi yake. Mara ya kwanza alikuwa na haraka ya kwenda kupima tangi. Akaniachia chupa ndogo, akasema, "Mama Kabula, nijazie hii mpaka kwenye mstari. Kama ilivyo."

Kama ilivyo. Nilisikia vizuri, mayu, siwezi kukudanganya wewe. Nikafungua, nikaona chini kuna unga mweupe, kidogo tu, kama uliobaki kwenye ungo. Nikaona aibu. Maji ya kijiji kizima yaende kupimwa Shinyanga kwenye chupa chafu? Nikaisuuza mara mbili, nikaifuta mdomo kwa khanga safi, nikajaza. Na nilijisikia vizuri. Nilijiambia, leo mayu angefurahi.

Majibu yakaja, yakasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Maji hayana vijidudu. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Masanja, jirani yangu, akanivuta pembeni: "Kwa hiyo nisichemshe tena? Maana kuni zimenichosha."

Nikamjibu, "Kunywa tu, mama. Si umesikia?"

Juzi mpimaji karudi, maana watoto kadhaa wanaharisha na zahanati imeuliza maswali. Safari hii kachota mwenyewe. Nikaona hasuuzi chupa. Nikamwambia, "Dada, mbona huioshi? Ina unga."

Akacheka. "Huo unga ndio wenyewe. Unazima dawa ya maji; bila huo, dawa inaendelea kuua vijidudu humo humo chupani, njiani. Mimi nataka kujua maji yakoje yanapotoka hapa bombani, siyo yatakuwaje yakifika Shinyanga. Nina wasiwasi yanatoka haraka, dawa haijapata muda wa kufanya kazi."

"Na mtu akiuosha?"

"Nani atauosha?" akasema, akafunga boksi lake.

Nilimshikia pikipiki wakati analifunga boksi nyuma, nikamtakia safari njema, nikarudi bombani.

Masanja, mtoto wa jirani yangu, ni mmoja wa wale wanaoharisha. Ameanza kunywa uji, macho yamerudi, nashukuru Mungu. Labda ni maji. Labda ni maembe mabichi, maana anapanda miti ya watu wote. Sijui, na huko kutojua ndiko kunakonila. Majibu mapya hayajaja, na kila siku nawajazia watu ndoo nikijua wanakunywa bila kuchemsha kwa sababu ya chupa ile. Kabula wangu namchemshia. Tangu juzi namchemshia kimya kimya, mlango nimeurudisha, kama mtu anayepika nyama asiwagawie wenzake. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko unga wenyewe.

Nina hasira na wewe kidogo, nisamehe. Halafu nakumbuka kwamba ulimwaga maji tuliyohangaika nayo asubuhi nzima, mbele ya mgeni, na hukuona aibu kuanza upya. Labda hilo ndilo ulilokuwa unanifundisha, mimi nikashika kusugua tu.

Basi leo, kabla sijafungua bomba, nitasema. Baadaye nitampigia mpimaji nimwambie ni nani aliyeuosha. Wanaweza wakanitoa hapa, wakamweka mwingine. Wamweke. Nadhani mitambo itatengenezeka, dada yule anaonekana hachoki, na Kabula atakua akinywa maji haya bila mimi kumtazama koo. Lala vizuri, mayu. Mimi ni yule yule binti yako, mama wa Kabula wako.

Ndoo zimeshapangwa. Mama Masanja wa kwanza, Masanja mgongoni, bado hana nguvu za kutembea. Anapaza sauti: "Mama Kabula, unafungua maji au unatuandikia barua?" Wenzake wanacheka. Nimemwambia nakuja. Nitaanza na yeye, mayu, nitamshika mkono nimwambie mbele ya wote kwamba ile chupa mimi ndiye niliyeiosha, wachemshe tena.