Kompyuta ya Baba Imepoa

Mwenzangu, hebu nikusimulie.

Ile kompyuta ya marehemu baba ilikuwa inajizima kwa joto kabla sijamaliza hata ukurasa wa tafsiri za wateja. Bei ya feni mpya siiwezi. Nikaifungua, nikasugua feni na matundu yote kwa mswaki mkuukuu, nikaipandisha juu ya vizibo vinne ipate hewa chini.

Vumbi lake la kahawia, linanata. Miaka kumi na moja ya sigara za baba.

Nikaiwasha. Haichemki tena.

Mama akaja na kiti chake, akakaa kando yangu kama kila jioni. Akanusa. Akanusa tena.

“Yuko wapi?”

“Nani, mama?”

“Ikipata moto huwa inatoa harufu yake. Ulidhani nakuja kukutazama wewe ukichapa?”

Mwaka mzima nilidhani hivyo, mwenzangu. Mwaka mzima.

Anasema nimemzika baba mara ya pili. Mara ya pili! Anataka nimwombe radhi.

Hata sasa najikuta nanusa, na hakuna kitu.

Lakini kazi hii ndiyo inayotulisha. Simwombi radhi.