Wiki ya Bwana Mkubwa Katikati ya Mto

Kwako dada yangu,

Mwanao katoka sasa hivi kunipiga usoni na paja la kuku. Akacheka, kisha akalala papo hapo mdomo wazi, mafuta mpaka nyuma ya masikio. Nimeona nisimfute, nisije nikamwamsha, na ndiyo nikapata nafasi ya kushika kalamu.

Hujambo lakini? Mgongo umetulia, au bado unaubembeleza kwa mito? Shemeji na watoto nawasalimu wote. Sisi wazima, na ningekuwa mzima zaidi kama ningeweza kuacha kuyaangalia maji.

Nakuandikia nikiwa ndani ya hema, katikati ya mto. Usishtuke. Ni kisiwa cha mchanga, kipana kama uwanja wa shule yetu ya zamani, chini kidogo ya bwawa anakofanya kazi shemeji yako. Si unajua yeye ndiye hufungua na kufunga milango ya maji. Mwaka jana mwanao huyu, Bwana Mkubwa wetu, alipotimiza mwaka, baba yake alikuwa zamu, keki akaikuta imeshakauka. Safari hii kaomba likizo, akasema mtoto akitimiza miwili tutasherehekea wiki nzima nje, na simu kaizima asiitwe na mtu. Tulivuka kwa miguu, maji chini ya magoti, yeye na mtoto mabegani, mimi na masufuria kichwani kama mke aliyefukuzwa.

Na tumekula, dada. Samaki wa kuchoma, viazi vya kufukia kwenye majivu, leo kuku wa ndimu na pilipili. Tumepanda miamba. Tumemwona kobe, na sasa kwa mwanao kila kitu ni kobe, hata baba yake. Shemeji yako ndiye anayepika tangu tufike. Nilipomuuliza kama anaumwa, akaniambia nikae kimya nile, nisije nikazoea.

Ila tangu jana huko juu ya mto kumefunga. Hapa jua, kule weusi mtupu, na ngurumo haziishi. Asubuhi alikuja mama mmoja kufua ng'ambo, akatuuliza kwa sauti kama hapa ndipo pa kumlaza mtoto. Shemeji yako akamjibu asihofu, mwenye kufungua maji ndiye huyu anayegeuza kuku. Yule mama hakucheka. Alimwambia basi kuna mwingine kakalia kiti chake, akazikusanya nguo zake na povu lake akaondoka.

Ni kweli yupo mwenzake wa zamu, mgeni kazini. Mimi nikajituliza kwamba kabla ya kufungua maji lazima king'ora kilie. Kiko kimoja bwawani, na kingine huku chini kwenye mlingoti karibu na nyumba yetu, maana cha juu hakisikiki ukishapita kona ya mto. Kikilia, mtu ana muda wa kutoka mtoni hata kwa mwendo wa bibi harusi. Mwanao hukiogopa mno, hulia mpaka pumzi inampotea.

Basi tulipokuwa tunakula nikasema Mungu asaidie kisilie wiki hii, mtoto alale vizuri. Shemeji yako akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Akasema hakitalia. Kabla hatujaja alipanda mlingotini akachomoa waya, atauchomeka Jumatatu kabla ya kuingia kazini. Mwenzake hakumwambia, angemchongea kwa mkubwa wao. Yule kule juu atabonyeza, atasikia cha bwawani kinalia, ataridhika kwamba watu wote wamesikia.

Chakula kilinishinda. Nikamwomba tuvuke turudi nyumbani. Akasema milango haiwezi kufunguliwa kabla ya Jumatatu, bwawa lile analijua kama kiganja cha mkono wake, tena hata chai hatujanywa. Mimi niliyeishia shule ya msingi nitambishia nini? Nikamwambia basi awashe hata simu, ampigie mwenzake. Kwa hilo alikubali. Kaenda ncha ya kisiwa kutafuta mtandao, nami nakuandikia ili mikono ipate cha kufanya. Naamini atarudi ananicheka, na kesho tukate keki.

Nimechungulia nje. Asubuhi ulikuwa unahesabu kokoto chini ya maji, sasa yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na yanapita na majani mabichi. Labda ni mvua tu ya huko.

Mama mwambie mjukuu wake kashiba na anaongea, akimwita kobe asikasirike. Wewe nakukumbatia, na mgongo wako

Dada, shemeji yako ananiita. Tangu nizae hajawahi kuniita kwa jina langu, leo kaniita kwa jina, na simu kaitupa mchangani. Anakuja mbio, anasema nimbebe mtoto, niache kila kitu, hata viatu, na