Gary na Mwalimu wa Kemia

Alhamisi, 14 Desemba

Mume wangu Gary amehamia kwenye simu. Ni lile kundi la wazazi wa chuo, wale ambao watoto wao wanasoma sayansi ili waingie udaktari. Simu inalia tangu asubuhi kama kifaranga. Leo amenisomea mezani, mdomo umejaa kabichi: kuna mama anamwandikia binti yake ripoti za maabara, eti mtoto apate usingizi. Binti wa miaka ishirini! Na wenzake wamempongeza. Baba mwingine anafurahia kwamba wanafunzi wengi wameacha kemia ya kaboni muhula huu – waliobaki watapata nafasi, anasema. Utadhani anagawana mashamba ya marehemu.

Nikasema mambo haya yananitia kinyaa. Gary: "Wewe Bernadette hujui dunia inavyokwenda." Haya. Nikaenda kuosha vyombo.

Mwanetu Casey anafunga chuo Jumamosi.

Jumamosi, 16 Desemba

Amefika! Kakonda. Ndevu shaghalabaghala, begi zima nguo chafu. Hata buti hajavua, baba yake kamkabili mlangoni kama askari wa mpakani: "Haya, mtihani wa kemia ulikuwaje?"

"Mgumu, wanasema."

Wanasema! Gary hakulisikia neno hilo. Mimi nililisikia. Nikampakulia pierogi, yale maandazi ya viazi anayoyapenda, akala, akalala mpaka giza.

Jumapili, 17 Desemba

Baada ya kanisa Denise Nowicki, jirani yetu, kaja na biskuti za Krismasi na ulimi wake. Mwanawe Trevor naye anasoma kemia hiyohiyo – ukumbi mkubwa, mtu hajui nani kakaa wapi. Maksi zake mbaya. Kosa la nani? La mwalimu, bila shaka. Dokta Munteanu, mwanamke aliyetoka Romania.

"Shoga, yule mama haeleweki!" anasema Denise. "Akiongea utadhani anatafuna kokoto."

Gary akaanza kumwigiza. Kakunja midomo, kaburuta herufi, Denise anacheka mpaka anajipangusa machozi. Gary huyu! Mama yake mzazi alihamia mji huu huu wa Buffalo akaishi mpaka tukamzika, lugha ya hapa haijui, na buchani alikuwa ananunua nyama kwa kuonyesha kidole. Watoto wa mtaa walimwigiza vilevile. Gary mwenyewe ndiye aliyenisimulia, siku za uchumba, sauti ikimtetemeka.

Wakaandika malalamiko palepale, makombo ya biskuti yamewajaa vifuani. Wanataka mkataba wa mwalimu usifanywe upya. Casey akapita kuchukua maji. Akasimama, akasikiliza. Akatoka nje bila koti.

Jumanne, 19 Desemba

Malalamiko yanasambaa. Gary ni shujaa wa kundi. Ameandika kwamba mwanawe analia usiku kwa sababu ya mwalimu huyo. Nikamuuliza, umemsikia lini? "Ni namna ya kusema tu, Bernie." Namna ya kusema!

Wengine sasa wanajadili pua ya mwalimu na nguo zake. Nimemwambia simu hiyo asije nayo tena kitandani.

Ijumaa, 22 Desemba

Theluji ya ziwani imetufunika. Gary kaenda kazini. Mimi na Casey tukashika makoleo kufukua njia ya gari. Tulifika karibu na sanduku la barua, akaacha kuchota.

"Mama, mimi simo kwenye lile darasa."

Nikadhani upepo umenichezea masikio. "Darasa gani?"

"Kemia. Niliacha Oktoba."

Akaeleza yote akitazama theluji. Mtihani wa kwanza alipata sifuri – hakuandika kitu, alikaa tu akitazama karatasi. Dokta Munteanu akamwita ofisini. Yeye akajua anakwenda kutukanwa. Yule mama akamchemshia chai, akamuuliza: mwanangu, kitu hiki unakitaka wewe au umetumwa? Casey akalia. Mbele ya mgeni! Mwalimu hakumhimiza wala kumkataza. Alipoamua mwenyewe, ndipo akafuatana naye mpaka ofisi ya masomo, akamsemea aondolewe darasani bila doa kwenye rekodi yake. Sasa anasoma mambo ya udongo na maji. Anafanya vizuri. Kwa mara ya kwanza leo aliongea akaniangalia usoni.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningemwambia nani, Mama? Baba ameshawaambia watu wote mimi daktari."

Na mimi? Nilitaka kuuliza, sikuuliza. Nilimfuta kamasi kwa glavu kama alipokuwa mdogo, hakunizuia.

Halafu akasema: "Yule ndiye mtu wanayetaka kumfukuza." Akalipiga koleo kwenye barafu, likapinda.

Jumapili, 24 Desemba

Mkesha wa Noeli. Meza tayari, samaki tayari, kiti kitupu cha mgeni asiyetarajiwa tayari. Tukamega ule mkate mwembamba wa Noeli na kutakiana heri, kama desturi yetu. Casey akammegea baba yake, akamwambia hapohapo. Kwa upole, maneno machache.

Mkate bado uko mkononi mwa Gary. Nikaona macho yanalowa, nikasema moyoni, ahsante Mungu, amesikia.

Akauliza: "Nani mwingine anajua?"

Hilo ndilo swali lake! Casey akasema, Mama tu.

"Basi aishie hapohapo."

"Na malalamiko, Baba? Utayafuta?"

Gary akainuka, shingo nyekundu. Ayafute? Sasa ndiyo kapata sababu! Kumbe mwanamke huyo ndiye aliyemtoa mwanawe kwenye udaktari! Kamrubuni kwa chai! "Nilikuwa nasema tu, lakini leo nimeamini."

Casey akapanda chumbani. Tukakaa wawili na samaki wote wale. Gary akala. Ndiyo, akala! Nilimtazama akitoa miiba mdomoni, mmoja mmoja, nikajiuliza nimelala na nani miaka yote hii.

Jumanne, 26 Desemba

Nimemwomba. Nimemsihi. Nimegomba. Jibu lake ni moja: watu wamemwamini, hawezi kurudi nyuma sasa, ataonekana mjinga. Mwalimu atapoteza kazi ili Gary asionekane mjinga! Kikao na mkuu wa kitivo ni tarehe tatu, kwa kompyuta.

Nimehamia chumba cha kushonea.

Jumatano, 3 Januari

Naandika bafuni, nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Mkuu wa kitivo ametoa mapumziko mafupi.

Kikao kiko jikoni kwangu. Gary juu kavaa tai, chini suruali ya kulalia. Denise kakaa ubavuni, kapaka rangi ya midomo. Dokta Munteanu yuko kwenye kioo cha kompyuta – mvi, sweta la kahawia, mikono kaikunja kama mtu anayengoja daktari amwite. Gary kasema mwanawe aliteseka darasani humo muhula mzima, mpaka siku ya mwisho! Kalisema bila kupepesa jicho. Casey alisimama nami nyuma ya mlango wa stoo, akisikia kila neno.

Mkuu akauliza kama kijana anaweza kuongea. Gary: hapana, amelala, hali yake si nzuri.

Hapo mwalimu akasema kitu kimoja tu. Hakujitetea. Angeweza kusema kila kitu, hakusema. Akauliza polepole, kwa lafudhi ileile: "Casey hajambo?" Gary akafunika kamera kwa kiganja!

Nikanawa uso. Bado nausikia mkono wa Gary – alinishika bega nikipita, akaninong'oneza kwamba wakirudi nitaongea mimi, neno la mama lina uzito.

Wanarudi. Viti vinaburuzwa. Casey anagonga mlango wa bafu, taratibu: "Mama, mimi naingia. Utakuja?"

Na kutoka jikoni sauti ya Gary, ile tamu ya mbele za watu: "Mke wangu, hebu njoo uwaeleze mtoto alivyoteseka."

Nakuja, Gary. Nawaeleza yote, tangu Oktoba –